KIDOLE KIKITEGUKA MPIRANI

Ndugu msomaji, leo safu yetu ya afya inakwenda Dar es Salaam, katika mitaa ya Kariakoo. Huenda kijana wako yuko huko. Vijana wengi huondoka vijijini kwenda Kariakoo kutafuta riziki. Alfajiri wanapakua magari ya nyanya, vitunguu na viazi. Mchana wanasukuma mikokoteni. Jioni, kazi ikipungua, wanacheza mpira.

Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wabeba mizigo. Kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa hapo, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Mpaka leo hapo ni mahali pa watu wanaokula kwa nguvu za mikono yao.

Tena Kariakoo ni mahali pa mpira. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na makao yake yako Jangwani. Klabu ya Simba ilianzishwa mwaka 1936, na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi. Kutoka klabu moja mpaka nyingine ni mwendo mfupi wa miguu. Mtoto anayekulia katikati ya klabu hizo mbili hawezi kuukwepa mpira. Akikosa uwanja atacheza mtaani. Akikosa mpira atafunga matambara kwa kamba, acheze chandimu.

Sasa mikono hiyo hiyo inayobeba mizigo ndiyo inayodaka mpira jioni. Kwa hiyo tukizungumza juu ya kidole, hatuzungumzi jambo dogo.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Hatumpi jina, kwa sababu walio kama yeye ni wengi. Mchana anabeba matenga ya nyanya. Jioni ni golikipa wa timu ya mtaani. Siku moja mpira unapigwa kwa nguvu kutoka karibu. Anaunyooshea mkono, na vidole vimekakamaa mbele. Mpira unagonga ncha ya kidole cha pete. Anasikia kitu kimealika. Akitazama, anaona kidole kimepinda vibaya. Pingili ya mbele imehama, haiko tena sawa na pingili ya nyuma.

Wenzake wanamkimbilia. Mmoja anasema, "Lete hapa nikivute. Kaka yangu alivutwa hivi hivi, akamaliza mchezo." Kijana anafumba macho. Wanavuta. Kidole kinarudi mahali pake. Wanakipaka dawa ya kuchua na kukifunga kwa kitambaa. Anarudi golini, na watu wanampigia makofi.

Juma la tatu mambo yanabadilika. Maumivu yamepungua, lakini kidole kimepinda katikati na hakitaki kunyooka. Akikinyoosha kwa mkono mwingine kinanyooka. Akikiachia kinarudi kupinda. Tenga linamponyoka. Mpini wa mkokoteni haushiki sawasawa. Akitia mkono mfukoni, kidole kinakwama. Kidole kilivutwa na kikarudi. Je, kosa lilikuwa wapi?

NDANI YA KIDOLE

Ili tujibu swali hilo, hebu nyoosha mkono wako. Tazama kidole cha kati. Kina pingili tatu, kama muwa. Kila pingili ina mfupa mmoja. Kidole gumba kina pingili mbili tu. Mahali ambapo mfupa mmoja unakutana na mwingine panaitwa kiungo.

Sasa kwa mkono mwingine, shika nyama ya mkono chini kidogo ya kiwiko. Chezesha vidole. Je, unasikia nyama inacheza? Hiyo ndiyo misuli inayokunja na kunyoosha vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli. Misuli iko mkononi na kiganjani, nayo huvuta vidole kwa kamba ngumu zinazoitwa kano. Ni kama kuteka maji kisimani. Mtu yuko juu, ndoo iko chini, na katikati pana kamba. Kamba ikikatika, mtu avute mpaka jua litue, ndoo haiji.

Ziko kano nyingine ambazo hazivuti. Kazi yake ni kufunga mfupa mmoja na mwingine, huku na huku kwenye kiungo, kama kamba zinavyofunga fito za nyumba. Na upande wa kiganja, kila kiungo kina kipande kigumu kama ngozi ya kiatu. Hicho huzuia kidole kisikunjike kwa nyuma.

Kidole kuteguka maana yake ni mfupa kuhama kutoka mahali pake kwenye kiungo. Kwa wachezaji mpira, kiungo cha katikati ndicho kinachoteguka mara nyingi. Mpira ukigonga ncha ya kidole, kidole husukumwa nyuma, na mfupa wa mbele hupanda juu ya mfupa wa nyuma.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanafikiri kidole kilichoteguka ni kama mlango uliotoka kwenye bawaba. Ukiurudisha, kazi imekwisha. Sivyo. Mfupa hauwezi kuhama bila kuharibu zile kamba. Nyingine hunyooshwa kupita kiasi, nyingine hukatika. Mara nyingine kano hung'oka pamoja na kipande cha mfupa. Kuurudisha mfupa mahali pake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuziponya kamba, na hiyo ndiyo huchukua muda.

Yule kijana wetu alikatika kano iliyo mgongoni mwa kidole, ile inayonyoosha kiungo cha katikati. Siku ya kwanza hakuna aliyeiona, kwa sababu kidole kizima kilikuwa kimevimba. Kidole hicho kilitakiwa kulazwa juu ya banzi, yaani kibao chembamba, kikiwa kimenyooka, kwa majuma kama sita. Badala yake kilikunjwa kila siku kwenye matenga ya nyanya. Kano haikupata nafasi ya kuunga.

VITATU VINAVYOFANANA

Jambo hili ni muhimu kuliko yote tutakayosema leo, kwa hiyo tulieleze polepole. Wachezaji watatu wanaweza kuumia vidole siku moja, kwenye mchezo mmoja. Vidole vyote vitatu vikivimba vitafanana kama mayai. Lakini matibabu yake hayafanani.

Wa kwanza aliteguka kiungo cha katikati, na kile kipande kigumu cha upande wa kiganja kikachanika. Huyu mara nyingi hufungwa kidole kikiwa kimekunjwa kidogo, au hufungwa pamoja na kidole cha jirani, na huambiwa aanze kukikunja mapema. Akikaa bila kukichezesha atapata hasara.

Wa pili ni kama kijana wetu. Ameumia kano ya mgongoni. Kiungo chake cha katikati lazima kikae kimenyooka muda wote ule. Akianza kukikunja mapema atapata hasara.

Wa tatu aligongwa ncha. Pingili ya mwisho, yenye ukucha, imeinama na haiinuki yenyewe. Kano yake imeng'oka karibu na ukucha. Huyu huvalishwa kibanzi kidogo kwenye ncha tu, usiku na mchana, kwa majuma sita mpaka manane. Hata akikibadilisha ili aoge, ncha isiinamishwe hata mara moja. Ikiinama, huanza kuhesabu upya.

Umeona, ndugu msomaji? Dawa ya wa kwanza ni sumu kwa wa pili. Ndiyo maana si vizuri kuazima matibabu ya jirani. Jirani anaposema, "Mimi niliambiwa nikichezeshe," husema kweli. Lakini aliambiwa yeye, kwa kidole chake.

SAA YA KWANZA UWANJANI

Kidole kikiteguka, mchezaji atoke uwanjani. Asisubiri mapumziko. Wenzake wasivute. Huenda mfupa umevunjika, na kuvuta kutazidisha kuvunjika. Huenda pia kano au nyama imejipenyeza katikati ya kiungo. Hapo mkivuta ni sawa na kufunga mlango wakati nguo imebanwa kwenye mwimo.

Kama amevaa pete, ivuliwe upesi kabla kidole hakijavimba. Kwa kweli haikutakiwa kuwapo. Sheria za mpira wa miguu zinakataza mchezaji kuvaa pete, bangili au mkufu uwanjani. Hata kuifunika pete kwa plasta hakukubaliwi. Wako wanaosema pete ya ndoa haivuliwi. Pete iliyobana kwenye kidole kinachovimba huzuia damu isipite, na kidole kinaweza kufa. Paka sabuni na maji, uizungushe polepole. Ikikataa, nenda hospitali, wataikata. Pete nyingine hununuliwa.

Kisha weka ubaridi. Kariakoo barafu si shida. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke juu ya kidole kwa dakika 15 au 20, halafu uiondoe. Rudia baada ya saa moja au mbili. Usiweke barafu tupu juu ya ngozi, huunguza kama moto. Kijijini ambako hakuna barafu, chovya kitambaa katika maji ya mtungi. Kikipata joto, chovya tena.

Mkono uinuliwe juu ya kifua. Khanga ikifungwa shingoni hutosha kuubeba. Kidole kifungwe jinsi kilivyo, hata kama kimepinda, juu ya kipande cha boksi gumu ili kisigongwe njiani.

Kuhusu dawa za kuchua. Pale Kariakoo zinauzwa za kila aina, za chupa na za kopo, na wauzaji wake ni hodari wa kusema. Hatusemi kwamba zote ni mbaya kwa kila kitu. Tunasema kwamba siku mbili tatu za kwanza, ndani ya kidole damu inavuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyopasuka. Kukichua, kukikanda kwa maji ya moto au kukipaka dawa inayowasha huongeza damu hiyo, na uvimbe unazidi. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha kwa wengi.

Ziko dalili za hatari ambazo hazitaki kusubiri hata saa moja. Ngozi ikipasuka, au mfupa ukionekana, hiyo ni hatari. Funika kwa kitambaa safi tu. Usitie udongo, majivu, wala mafuta ya gari. Mgonjwa huyo atahitaji kuoshwa kidonda vizuri na kuchanjwa dhidi ya pepopunda. Kidole kikiwa cheupe, au cha bluu, au cha baridi, au kikiwa na ganzi, damu au mishipa ya fahamu imebanwa. Kimbieni.

HOSPITALINI

Kijana wa Kariakoo hana safari ndefu. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani. Hospitali ya Amana iko Ilala. Muhimbili iko Upanga, na hapo ndipo ilipo Taasisi ya Mifupa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Msomaji wa kijijini aanzie zahanati. Wakiona kwamba anahitaji picha ya eksirei, watamwandikia barua ya kwenda mbele. Aende siku hiyo hiyo. Kidole kilichoteguka leo hurudishwa kwa dakika chache. Kikiachwa majuma kadhaa, kano hukakamaa na nyama huziba, na huenda kisirudi bila kupasuliwa.

Mgonjwa akifika hospitalini, aseme yote.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya nini?"

"Nimeteguka kidole mpirani."

"Kilipinda upande gani? Na nani amekivuta?"

Hapo wengi hutazama chini na kunyamaza. Wasinyamaze. Daktari hataki kumshtaki mtu. Anataka kujua kidole kilikuwa na sura gani kabla ya kurudi, kwa sababu upande kilikopinda humwambia kamba ipi imeumia. Kikipinda kwa nyuma ni habari moja. Kikipinda kuelekea kiganjani ni habari nyingine, na ile kano ya mgongoni hushukiwa. Kama wenzako walikwisha kukivuta, bado nenda. Kidole kilichorudi mahali pake nacho kinahitaji kupigwa picha.

Picha huonyesha kama mfupa umevunjika. Kisha mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kwenye shina la kidole. Daktari hukivuta taratibu na kusukuma mfupa mahali pake. Baadaye hupigwa picha nyingine, kuhakikisha. Halafu daktari humwambia akunje na kunyoosha kila kiungo peke yake. Usione kwamba anakusumbua. Anatafuta kano iliyokatika, na kano haionekani kwenye picha ya eksirei.

Kabla hujaondoka, uliza maswali mawili: Je, kidole hiki nikichezeshe au nisikichezeshe? Nirudi lini? Waandikie kwenye kadi yako. Wewe sasa unajua kusoma, na kadi hiyo ni yako.

MAJUMA YANAYOFUATA

Tuseme kijana wetu alikwenda hospitali siku ile ile, na bahati yake ni ile ya mtu wa kwanza, asiyekatika kano ya mgongoni. Kiungo kimerudi na kimetulia. Amefungwa kidole cha pete pamoja na cha kati, kama ng'ombe wawili kwenye nira. Kidole kizima kinamwongoza mgonjwa, na kinamzuia asipinde kwa nyuma.

Kufunga namna hii kuna ufundi wake. Katikati ya vidole viwili tia pamba au kitambaa laini, kwa sababu jasho huchubua ngozi. Funga plasta ya kunata juu ya pingili, si juu ya viungo, ili vidole viweze kukunjika. Isikaze. Minya ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia. Wekundu ukirudi upesi, damu inapita. Usiporudi, legeza. Plasta ikilowa ibadilishwe. Wabeba mizigo hutoka jasho sana, na ngozi iliyolowa kutwa huoza na kunuka.

Baada ya siku chache, uvimbe ukianza kupungua, na kama ameruhusiwa, mazoezi huanza. Atie mkono katika bakuli la maji ya uvuguvugu. Akunje ngumi polepole mpaka anapoanza kusikia kuvutwa. Asubiri, anyooshe. Afanye hivyo mara 10, na arudie mara tatu au nne kwa siku. Kisha ashike pingili ya chini kwa mkono mwingine, akunje kiungo cha katikati peke yake. Uchungu kidogo wakati wa zoezi si kitu. Uchungu unaomnyima usingizi ni dalili kwamba amezidisha. Na afanye mwenyewe. Asimpe mtu mwingine amkunje.

Katika majuma haya kuna makosa mawili yanayokwenda kinyume. La kwanza ni ubishi, na tumekwisha kuliona. La pili ni woga. Mtu anafunga kidole miezi miwili bila kukifungua, akidhani anakilinda. Kiungo cha kidole kikikaa bure hukakamaa kama bawaba iliyopata kutu. Mimi ninayeandika haya nina kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, kisichokunjika mpaka mwisho. Nilikiumiza utotoni, tukicheza mpira wa matambara kwenye kiwanja cha kijiji. Bibi yangu alikifunga kwenye kipande cha bua la mtama, na kila nilipotaka kulifungua alinikataza. Alifanya kwa mapenzi. Kimepona, lakini nikishika jembe kinabaki nje peke yake, kinatazama.

Yafaa pia tuseme ukweli kuhusu uvimbe. Watu wanadhani kidole kikirudi mahali pake kitakuwa chembamba baada ya siku saba. Kiungo cha katikati kinaweza kubaki kinene kwa miezi mingi, na kwa wengine hubaki hivyo maisha yao yote. Asubuhi huwa kigumu kuliko jioni. Hiyo si dalili ya kurogwa, wala si dalili kwamba daktari alikosea. Lakini kidole kikizidi kuvimba badala ya kupungua, au kikiwa chekundu, cha moto na chenye usaha, arudi hospitali.

Na kazi je? Hapa ndipo ugumu ulipo. Mbeba mizigo asiyebeba hali. Tena nyumbani kijijini mama anangojea. Tunajua kwamba kumwambia kijana huyo apumzike bila kumwambia atakula nini ni maneno matupu. Wenzake wa sokoni wanaweza kumpa kazi ya mkono mmoja kwa majuma machache, kama kulinda mizigo, kuhesabu matenga, kuita wateja. Na timu za mtaani zinazochanga fedha za jezi zinaweza kuchanga kidogo pia kwa ajili ya mchezaji aliyeumia. Golikipa aliumia akilinda goli la wote.

Akianza tena kubeba, aanze na mizigo myepesi, vidole vikiwa vimefungwa viwili viwili. Tenga alishike kwa kiganja chote, si kulining'iniza kwenye ncha za vidole.

KURUDI UWANJANI

Mchezaji wa ndani, anayetumia miguu, huweza kurudi mapema kuliko golikipa. Kama kiungo kimetulia na daktari amekubali, wengine hucheza baada ya juma moja au mawili, vidole vikiwa vimefungwa pamoja. Hatari yake ni kuanguka na kujizuia kwa mkono, au kidole kunasa katika jezi ya mwenzake. Kwa hiyo aendelee kufunga vidole kila anapocheza, mpaka majuma kama sita yapite au zaidi.

Golikipa ni habari nyingine. Mikono ndiyo kazi yake. Asihesabu siku tu, ajipime. Je, anaweza kukunja ngumi kamili, vidole vyote vikigusa kiganja? Je, anaweza kuvinyoosha vyote juu ya meza? Akikamua nguo iliyolowa, mkono ulioumia una nguvu kama ule mzima? Kiungo kikisukumwa pembeni kinauma? Kwa golikipa wengi mambo hayo hayatimii kabla ya majuma manne mpaka sita.

Akitimiza, asianze na mashuti. Aanze kwa kudaka mpira laini unaorushwa kwa mkono kutoka karibu. Siku nyingine mpira wa kawaida unaobingirishwa chini. Kisha wa kurushwa juu. Kisha wa kupigwa kwa mguu taratibu. Mwisho mashuti ya kweli. Hatua moja ikiuma, arudi ya nyuma kwa siku mbili tatu. Kama ana glavu, plasta ifungwe ndani ya glavu.

Wako watakaosema kwamba mchezaji hodari hangoji. Basi watazame magolikipa wakubwa. Januari 2013, Iker Casillas wa Real Madrid alipigwa teke la mkono na mwenzake wa timu yake mwenyewe, kwa bahati mbaya, katika mchezo dhidi ya Valencia. Mfupa ulio kiganjani chini ya kidole gumba cha kushoto ukavunjika, akapasuliwa. Mtu huyo alikuwa nahodha wa Hispania ilipochukua Kombe la Dunia mwaka 2010. Alikaa nje majuma mengi, na golikipa mwingine akasimama mahali pake.

Kidole kilichowahi kuteguka huweza kuteguka tena, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo namna ya kudaka nayo itazamwe. Mkono usiuelekezee mpira ncha za vidole kama mkuki. Viganja viutazame mpira, vidole vielekee juu na vikunjwe kidogo, na vidole gumba viwili vikaribiane nyuma ya mpira ili usipenye. Viwiko navyo vikunjwe kidogo, vipokee nguvu ya mpira kama mtu anayepokea mtoto. Mpira usiodakika upigwe ngumi au usukumwe kwa kiganja.

Sasa tumrudie yule kijana wa mwanzo, ambaye kidole chake kilipinda juma la tatu. Asikate tamaa, na asimruhusu mtu mwingine akivute. Bado aende hospitali. Maadamu kidole chake kinanyooka kikisaidiwa na mkono mwingine, wengi wa namna hiyo hutibiwa kwa banzi kwa majuma kadhaa, bila kupasuliwa. Kikiachwa mpaka kikakamae, hakitanyooka hata kikisaidiwa, na kazi itakuwa ngumu zaidi. Atakapofika, aeleze siku kidole kilipoteguka, upande kilikopinda, na kwamba kilivutwa uwanjani.